Gari la Kupanda Bila Kushikwa Mkono

Jumamosi pale Ipuli tunapooshea magari, ubishi huanza kabla ndoo ya kwanza haijamwagwa. Huyu atasifu Harrier yake kwa kioo cha paani, yule ataapa kwamba bila kamera ya nyuma gari si gari. Mwenye Prado anafuta vumbi kwenye kiatu tu, maana kwake mjadala ulishafungwa. Mimi nina Korola ya zamani, ya vioo vya kuzungusha kwa mkono. Wananicheka. Wacheke. Nasema bila kupepesa macho kwamba mji huu haujapata kudharau gari bure kama ulivyolidharau hili.

Ila kuna wakati nililiharibu mwenyewe.

Mama mkwe wangu anaishi Kwihara. Si mbali, lakini njia ya kuingia kwake ina mawe, na kila nikienda tumbo la gari lilikwaruzwa hadi uchungu nikausikia mwilini mwangu. Fundi akanishauri tulinyanyue: unaweka vipande vya chuma juu ya springi, gari linasimama kiume. Nikakubali. Ipuli walinipigia makofi, na kwa mara ya kwanza nikaonekana mtu. Nilijisifu kwamba nimefanya hivyo kwa ajili ya mama mkwe, maana mtoto wa jicho alikuwa amemwanza, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka hospitali ya mjini.

Safari ya kwanza baada ya hapo, mke wangu na jirani mmoja walimsaidia kupanda. Mimi nilikaa mbele nikitazama barabara, kama adabu inavyotaka, sikuona kitu. Tangu siku hiyo mama mkwe akaacha kwenda hospitali.

Tukipiga simu, anajibu macho yamepata nafuu. Wiki nyingine kuna msiba kwa jirani. Nyingine, anavuna karanga. Nikakasirika kimoyomoyo. Niliamini analionea aibu gari langu, kwamba angependa mkwe mwenye gari kubwa. Kweli, usilolijua ni usiku wa giza.

Hatimaye jicho moja likazima kabisa, na mke wangu alipompa daktari habari, akapanga siku ya kumpasua. Angeikosa, angengoja madaktari wa macho warudi tena, na hakuna aliyejua ni lini. Siku yenyewe mke wangu alikuwa Nzega, dada yake amejifungua. Nikaenda peke yangu.

Nilimkuta uani, amevaa kitenge kipya. Nikainama, nikamwamkia kwa mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikasogea pembeni na kugeukia ua wa minyaa. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata mkono wa salamu hampi. Tumebatizwa wote, mimi Mmoraviani, yeye Mkatoliki, lakini hilo halijatutoka. Kwa hiyo nilisikiliza tu. Nikasikia goti likigonga kizingiti cha mlango. Nikamsikia akivuta pumzi, akijaribu tena. Mara ya tatu nikasikia kitenge kikinasa na miguu ikipepesuka, nami mikono yangu iko mgongoni, haina kazi.

"Nenda tu baba," akasema. "Haya macho yameshaona vya kutosha."

Aibu iliyonishika siku ile sijaisahau. Kumbe nafuu, msiba, karanga, vyote vilikuwa kimo cha gari langu! Ningeweza kumwita jirani, lakini kunyanyuliwa kama gunia mbele ya mkwe ndicho alichokuwa anakikimbia.

"Mama, nisubiri kidogo."

Kando ya nyumba kuna mtaro mpana wa maji ya mvua, mkavu wakati ule. Nikaliteremsha gari lote humo, polepole, ubavu ukisuguana na mawe. Mimi niliyekuwa nikilia kwa mkwaruzo mmoja, siku hiyo nilisikia rangi ikichunika nikakanyaga mafuta. Nilipozima injini, ukingo wa mtaro ulikuwa chini kidogo tu ya kizingiti. Nikafungua mlango, nikarudi kwenye minyaa yangu. Nikasikia hatua mbili, kiti kikilalamika, kisha mlango ukifungwa. Aliufunga mwenyewe, kwa nguvu.

Alipasuliwa siku hiyohiyo. Kabla hajaruhusiwa kutoka wodini, fundi alishang'oa vile vyuma. Ipuli wakaniuliza kama nimerudi kutambaa. Nikawaambia sifa ya kwanza ya gari ni mtu mzima kupanda bila kushikwa mkono, na mwenye gari linalomshinda mtu huyo kupanda asilete kamera zake hapa. Kwa hilo sibishani na mtu. Mawe ya Kwihara nayakwepa, na nisipoweza kuyakwepa, yanakwaruza.

Nilipokwenda kumchukua, bandeji ilikuwa imetolewa. Alisimama mbele ya gari, akalitazama muda mrefu, kama mtu anayelinunua. Nikaangalia chini. Akapitisha kiganja kwenye ubavu uliochunika, mwanzo hadi mwisho.

"Ni ule mtaro?"

"Ndiyo mama. Nitalipaka rangi."

"Usilipake," akasema. "Nataka niwe naliona."

Akaketi, akaingiza miguu, akafunga mlango.