Wajina wa Syokau

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Katelembo kulikuwa na jina moja ambalo halikutajwa mbele ya mwanamke mwenye mimba. Jina hilo lilikuwa Syokau. Walisema Syokau hakuzaa, na msichana yeyote atakayepewa jina lake hatazaa pia. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yao yote. Siku hizi niko chuoni, kwenye midahalo ambako hoja ya namna hiyo ningeibomoa kwa dakika mbili nikarudi kuketi, na bado nikiikumbuka damu inanichemka.

Kwa sababu bila Syokau hakuna hata mmoja wetu.

Syokau alikuwa mjane, hana mtoto, ana shamba. Kwetu Wakamba mwanamke kama huyo hakulazimika kukaa akingoja shemeji zake wamgawane. Angeweza kuoa. Ndiyo, kuoa: alienda kwa wazazi wa msichana, akatoa mbuzi na ng'ombe kama mwanamume yeyote, akamleta nyumbani awe iweto wake, mke wa kuzaa watoto kwa jina la nyumba ile. Msichana huyo alikuwa Mbithe, nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi tulimwita Susu. Watoto aliowazaa Susu walikuwa watoto wa Syokau. Shamba tulilochumia ndengu kila msimu lilikuwa la Syokau. Baba yangu, Muli, alijifunza kutembea akishikilia nguo ya Syokau.

Na bado, nilipozaliwa mimi, binti wa kwanza wa Muli, ambaye kwa desturi ningepaswa kuitwa kwa jina la mama mkuu wa nyumba, waliogopa. Wakaniita Mbithe. Susu akapewa heshima ya mtu mwingine, na hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Nililijua jina la Syokau kwa kuibia tu. Susu alipokuwa akianika ndengu, akidhani yuko peke yake, aliongea naye. Alimwambia mvua imechelewa, au mbuzi amezaa mapacha. Siku moja nilimsikia akisema, "Syokau, nivumilie kidogo." Nilikuwa nyuma ya ghala, na nikajua nimesikia kitu ambacho si changu.

Kisha mama akajifungua dada yangu hospitalini, mjini Machakos, na siku ya pili wakamleta nyumbani. Susu alinikalisha chini kabla hata sijamwona mtoto.

"Sikiza vizuri. Jina ni kesho, siku ya tatu. Kabla ya hapo huyu bado ni wa aimu, wale waliotutangulia. Usimwite jina lolote. Ukimwita jina la mtu, huyo mtu ataamka, na mtoto hatatulia mpaka mwenyewe apewe haki yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Susu."

Nilisikia kwa masikio tu. Jioni hiyo mama alienda kuoga akaniachia mtoto nimwangalie. Akalia. Nikampapasa, nikamwimbia, hakunyamaza. Nikainama karibu na sikio lake, na mpaka leo siwezi kueleza ni kitu gani kilinisukuma, nikasema polepole: "Syokau."

Akanyamaza. Akafungua jicho moja. Kisha akalia kilio ambacho sikuwa nimekisikia hata kwa mwana-mbuzi anayechinjwa.

Tangu hapo akakataa ziwa. Mama alijaribu kulia, akajaribu kushoto, akiwa amekaa na akiwa amelala. Mtoto anageuza uso. Wakubwa wakasema ni uchovu wa safari, ni upepo tumboni. Mimi peke yangu nilijua nimemwamsha marehemu, na kwamba dada yangu atakufa njaa kwa sababu ya mdomo wangu.

Kesho yake wanawake wakajaa nyumbani. Mbuzi alichinjwa, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ukapikwa kwa sufuria ya kuazima kanisani. Nyanya mzaa mama, Susu Nduku, alifika kutoka Wamunyu akiwa na leso mpya kabisa, ile bado inanuka duka. Zamu ilikuwa yake. Binti wa pili huitwa kwa jina la mama wa mama, na hakuna aliyekuwa na neno juu ya hilo.

Kwetu jina huitwa mtoto akiwekwa kwenye ziwa. Akishika na kunyonya, jina limekubaliwa. Susu Nduku akakaribia kitanda.

"Nduku," akaita.

Mtoto akalia.

"Anauliza umemletea nini," jirani mmoja akasema, na nyumba ikacheka.

"Nduku wa Wamunyu! Nimekuletea leso, si unaona?"

Mtoto akajipinda, mgongo ukakakamaa kama mti. Kicheko kikapungua. Susu Nduku akaita mara ya tatu. Mama akaanza kulia bila sauti, machozi yakimdondokea mtoto kichwani.

"Ni joto tu," akasema Aunti Ndinda, dada ya baba. "Fungueni dirisha. Kwani lazima watu wote wajae hapa?"

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Ni mimi," nikasema. "Nilimwita jana. Nilimwita Syokau."

Nyumba nzima ikanigeukia. Hata mwanamke aliyekuwa akipakua chakula akabaki ameinua mwiko.

"Wewe mtoto!" Aunti Ndinda akanirukia. "Nani amekutuma? Uko na mdomo kama redio!"

"Hakutumwa." Ilikuwa sauti ya Susu, kutoka mlangoni. "Amesema kitu mimi nimeogopa kusema miaka yote hii."

"Mama, tafadhali. Unataka huyu msichana aolewe halafu arudishwe kwetu ati hazai?"

"Ndinda, uko na watoto wangapi?"

"Si unajua ni wanne."

"Uliwatoa wapi?"

"Kwa tumbo langu! Sasa hayo ni maswali gani?"

"Na wewe, ulitoka wapi? Kwa tumbo langu. Na mimi, nani alinileta hapa? Yule mama angekaa chini alie ati hazai, wewe ungekuwa wapi leo ukinipigia kelele?"

Nimeshasikia wasemaji wengi tangu siku ile, wengine wenye vikombe vya ushindi. Sijawahi kumsikia aliyepanga maswali namna hiyo akamwacha mpinzani bila pa kushika.

Lakini kumnyamazisha Aunti hakukutosha, maana zamu haikuwa ya Aunti. Macho yote yakamgeukia Susu Nduku. Mama alimtazama kwa woga kuliko sisi wote. Huyo alikuwa mama yake, amesafiri, na sasa anaombwa apishe mbele ya watu.

Susu Nduku akaikunja leso yake taratibu, pembe kwa pembe.

"Mama Muli," akamwambia Susu, "kwa nini hukuniambia mapema? Mimi nimejipanga kuitwa, mpaka nimevaa viatu vya kanisa. Vinanifinya, na ni bure."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili.

"Mwite mtu wako," akaendelea. "Mimi bado ninapumua, naweza kujiita mwenyewe. Yeye hawezi."

Susu akaja kitandani. Hakuinua sauti. Alisema jina lile kama alivyolisema juu ya ndengu, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Dada yangu akatafuta, akapata, akashika. Tulisikia akimeza.

Najua. Maziwa huja kwa wingi siku ya tatu, na mtoto aliyelia sana mwishowe hunyonya, uite jina au uite nambari ya simu. Nimeshajieleza hayo mwenyewe, sihitaji msaada. Ila mimi nilikuwepo, na vigelegele vilivyopigwa mle ndani havikuwa vya maziwa.

Aunti Ndinda hakuwa amemaliza. Alimwandama baba kwa wiki nzima: "Basi liwe jina la nyumbani tu. Kwa cheti andika Nduku. Huyu mtoto ataenda shule, ataolewa, kwa nini umfunge na hilo jina kwa karatasi ya serikali?" Baba alikuwa mtu wa maneno machache, mkata vitambaa katika kiwanda kimoja huko EPZ Athi River, na tuliishi naye bila kujua analowaza. Susu naye hakumsihi. Alianika ndengu zake, lakini sikumsikia tena akiongea na Syokau.

Siku aliyorudi baba na cheti cha kuzaliwa, alikiweka juu ya meza ndani ya karatasi ya plastiki, akatoka nje kunawa mikono. Susu hakujua kusoma.

"Mbithe, njoo unisomee."

"Grace," nikasoma.

"Hilo ni la padri. Endelea."

"Syokau."

Aliweka mkono juu ya meza. "Rudia."

"Syokau, Susu. Liko katikati."

Huko nje maji yaliacha kumwagika. Baba alikuwa anasikiliza.

"Na la mwisho?"

"Muli."

"Huyo ni mtoto wake," Susu akasema. "Sasa wameandikwa pamoja."

Kwa miaka mingi nilijivunia kwamba siku ile ya jina nilishinda mdahalo wangu wa kwanza. Sasa najua mimi nilikuwa mtoto aliyekiri kosa kwa hofu. Mzigo waliubeba wanawake wawili wazee: mmoja aliyedai haki ya marehemu mbele ya watu waliomwogopa marehemu huyo, na mwingine aliyetoa zamu yake akiwa amevaa tayari. Dada yangu ana miaka kumi na miwili. Ukimwita Grace anachelewa kuitika. Ukimwita Syokau anageuka mara moja, kidevu juu, kama mwenye shamba.

Baada yake mama alizaa wavulana tu. Susu Nduku hana wajina nyumbani kwetu, na sijawahi kumsikia akinung'unika. Lakini mimi nimeshasema, na nitakayeolewa naye nitamwambia kabla hajaleta mbuzi hata mmoja: najua desturi inampa mama yake nafasi ya kwanza, nami nitamheshimu. Ila kuna mama mmoja wa Wamunyu aliyepisha, na binti yangu atamrudishia nafasi yake.