Mteremko wa Kitangari

Harufu ya mpira unaoungua, hata ikitoka kwa fundi wa jirani, hunirudisha kwenye mteremko wa changarawe chini ya Kitangari. Baba aliendesha baiskeli, mama mgonjwa tuliyekuwa tukimpeleka hospitali amekaa nyuma, nami nikikimbia nimeshika keria ili kuwapunguzia mwendo. Barabarani hapakuwa na mtu wa kutusaidia. Kwenye kona waya wa breki ukakatika. Baba akakandamiza gurudumu kwa kandambili, moshi ukafuka.

“Vuta, mwanangu! Usiachie!”

Nikajitupa chini, nikaburuzwa, kokoto zikinichubua magoti, mpaka baiskeli ikasimama ukingoni mwa korongo.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, “Mtoto yuko wapi?”

“Nipo, mama.”

Akanyoosha mkono nyuma, akanishika kichwa. Tuliisukuma baiskeli polepole, mama akiwa bado amekaa nyuma, hadi bondeni, na mkono ule hakuuondoa.