Stuli ya Mlangoni

Juzi nilikuwa duka la kanga Kariakoo, namchagulia shangazi doti. Muuzaji, dada mwenye mimba kubwa, aliweka mlangoni stuli ya plastiki aliyokuja nayo kwenye basi la mwendokasi, akaketi.

"We dada, simama," bosi wake akasema kutoka ndani. "Mteja akikukuta umekaa ataona duka limelala."

"Bosi, mteja anafuata kanga, hafuati miguu yangu."

"Hapa wauzaji wote wanasimama. Hutaki, kazi basi."

Dada akafunika magoti kwa mtandio, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. "Kazi naitaka. Nifukuze basi, ila useme sababu kwa sauti, wateja wasikie."

Kisha akageukia barabara, palepale alipokaa: "Karibuni kina mama! Kanga mpya, njooni mshike wenyewe!" Wakaingia wawili. Bosi akakuna shingo, akanung'unika, "Haya, kaa. Lakini usisinzie."

Nidhamu ya kazi, wanaiita. Bosi huyo, tangu niingie, hakuwahi kunyanyuka kwenye kiti chake cha kuzunguka, na sikusikia mteja hata mmoja akiuliza kama duka limelala.