Shingo za Wabeba Samaki

Miaka ya sabini, nilipokuwa mwalimu kijana hapa Nchelenge, kando ya ziwa linalopakana na Kongo, nilikabidhiwa somo la mazoezi ya viungo bila kifaa hata kimoja. Magodoro tulijishonea wenyewe: magunia yaliyojazwa nyasi kavu, tukayatandaza mchangani karibu na ziwa. Tulianza na kubingirika mbele. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Thubutu!

Wasichana wangu walikuwa wakibeba mabeseni ya samaki kichwani tangu utotoni. Samaki mkunje angali mbichi, wasemavyo. Hawa walikuwa wamenyooshwa wangali wabichi. Wakichuchumaa mbele ya gunia, magoti yalikunjika, mgongo ukakunjika, shingo ikabaki wima. Walitua kwa utosi, wakaanguka ubavu, wakacheka. Mimi sikucheka. Hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilifoka mpaka sauti ikakauka, kana kwamba shingo hulainishwa kwa kelele.

Aliyekuwa na bidii kuliko wote ndiye aliyeshindwa kabisa. Mama yake, mchuuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, alimwona amerudi nyumbani na mchanga utosini. Asubuhi akanijia uwanjani, beseni tupu kwapani.

"Madamu, shingo ya huyu mutoto ikivunjika, nani atanibebea samaki? Namutoa leo leo."

Binti akaanza kulia. Niliona aibu, maana mama alikuwa na haki. Nikamwomba jaribio moja tu, na ile kata ya kitambaa anayowekea beseni kichwani. Nikaibana kati ya kidevu na kifua cha binti, shingo ikakunjika.

"Usiiangushe," nikamwambia.

Hilo alilijua vizuri. Akachuchumaa, akajisukuma kwa miguu, akabingirika polepole na kusimama, kata bado imebanwa kidevuni. Nilipiga vigelegele, mwalimu mzima!

Mama alimpapasa mwanawe shingo. "Haiumi?"

"Haiumi, mama."

Akatazama kulia na kushoto, akakaza kitenge, akainama mbele ya gunia bila kuniuliza. Alibingirika upande, akaishia mchangani miguu juu. Binti alicheka, nami nikacheka, na yeye akacheka kutushinda sote. Alipoketi, alikuwa akifuta machozi.

"Tangu nilikuwa mutoto nabeba, Madamu," akasema. "Hakuna mutu alinifundisha kucheza. Huyu abakie."