Viraka vya Fundi Allah Ditta

Guta la injini la magurudumu matatu alilounda Fundi Allah Ditta liliwahi kukatika kwenye kiungo, bwana harusi akiwa juu yake, na mtaa wake mzima mjini Gujranwala ukacheka. Tangu hapo, kila bomba lilipokutana na jingine alichomelea kiraka cha chuma, na juu ya kiraka, kiraka kingine.

Muuza maziwa Sadiq alichukua guta lake jipya asubuhi. Jioni alilirudisha likikokotwa na punda, uso umemvimba kwa hasira.

“Fundi, injini hailiwezi hili dude hata likiwa tupu.”

“Kuna kiungo kilichopasuka?”

“Hakuna.”

“Basi kagombane na aliyeunda injini.”

Fundi akamgeukia punda, aliyesimama akihema huku miguu ikimtetemeka. Akainama, akampapasa magoti.

“Huyu niachie,” akasema. “Viungo vyake havina viraka.”