Barua Isiyokuwa na Pacha

Heber Bentancur aliajiriwa na ushirika wetu wa maziwa pale Guichón kama fundi wa mitambo ya kupozea. Kompyuta zilimwangukia tu, maana siku zilipoletwa ofisini yeye ndiye pekee aliyekuwa na bisibisi mfukoni. Miaka ishirini baadaye seva ya barua pepe ilikuwa bado chini ya mikono yake, ndani ya kichumba kilichokuwa zamani stoo ya jibini na ambacho hadi leo kinanuka jibini siku za joto. Alikuwa mtu mpole, mrefu, hakuwahi kuoa, na ukimuuliza jambo alikujibu kwa maneno manne.

Aliyemzoea zaidi ni Nibia Larralde, karani wa barua za wafugaji. Kila siku saa mbili asubuhi Nibia aliingia kwenye kile kichumba na chupa ya maji ya moto kwapani na kibuyu cha yerba, chai chungu ya majani, mkononi, wakanyonya kwa zamu kwa mrija uleule wa chuma. Nibia alipiga soga, Heber alisikiliza. Kama kulikuwa na zaidi ya hapo, sisi wengine hatukuambiwa.

Katikati ya mwezi wa tano Nibia aliomba likizo, akasema ana mambo ya kifamilia Montevideo. Mwezi wa sita tukaenda kumzika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuwa alikuwa anaumwa. Heber alisimama makaburini kichwa wazi kwenye manyunyu ya baridi, kisha akarudi kazini siku ileile. Sanduku la barua pepe la Nibia hakulifunga. Meneja wetu, Graciela, alimkumbusha mara mbili, na mara mbili akaahidi kulifunga wiki inayofuata.

Mwezi wa tisa, Jumamosi, Heber alihamishia barua zetu zote kwenye seva mpya. Jumatatu tulipofungua kompyuta, kila barua iliyoandikiwa ofisi ilikuwa imeingia mara mbili. Tulikuwa watano tunaopokea barua hizo, na wote watano tulizipata mbili mbili.

"Don Heber, mashine yako mpya ina kigugumizi," akasema Wilmar wa usafirishaji.

Tulicheka siku ya kwanza. Siku ya pili Wilmar alipeleka lori la pumba kwa mfugaji mmoja asubuhi, na jioni akalipeleka tena kwa mfugaji huyohuyo, akiamini ni ombi jingine. Basi tukajifunza kujilinda: ukiona barua, soma moja, futa moja, usitazame sana.

Heber hakuharakisha. Alianza na kompyuta ya Wilmar, akihisi labda inachota barua mara mbili. Akaizima kutwa, na barua zikaendelea kuja kwa jozi. Akazima na simu zetu, moja moja. Wapi! Mwishowe akaanza kusoma yale maandishi madogo yanayojificha nyuma ya kila barua, yanayoonyesha imepita wapi na wapi. Jumatano nilimkuta ameyachapisha karatasi nzima na kuyapigia mistari kwa penseli. Nikamuuliza ameona nini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanieleza kwa kirefu. Kila barua, alisema, inazaliwa na namba yake. Pacha hawa wangekuwa na namba mbili tofauti, ingemaanisha mwandishi ametuma mara mbili. Lakini namba ilikuwa moja. Barua ni ileile, imetufikia kwa njia mbili.

"Njia ya pili ni ipi?" nikauliza.

Akaweka penseli chini. "Inapita kwa Nibia."

Akanionyesha. Siku moja kabla ya kuondoka, Nibia alikuwa ameacha amri kwenye sanduku lake: kila barua inayoingia humo, nakala yake iende kwa sisi watano. Amri yenyewe alikuwa ameipa jina, *Wasikae bila kujibiwa*. Ila kwenye seva ya zamani Heber alikuwa amezuia amri za namna hiyo miaka mingi nyuma, na Nibia hakulijua hilo. Ikalala. Mashine mpya haikuwa na kizuizi, ikaitii. Na kwa kuwa jina la Nibia lilikuwa bado kwenye orodha ya wapokeaji wa ofisi, kila barua ilitujia moja kwa moja, halafu ikatujia tena kupitia kwake.

"Asubuhi ile alikaa hapo ulipokaa," Heber akasema. "Akanisimulia habari za mbwa wa dada yake. Kumbe alishaandika hii. Alijua harudi."

Angeweza kuizima amri palepale na kwenda kula. Lakini Heber hafungi kazi bila kuikagua, kwa hiyo akatoa orodha ya barua zote za siku tatu, akaanza kuzipanga jozi jozi. Zote zilipata pacha wake isipokuwa moja. Hii ilikuwa imeandikwa kwa Nibia mwenyewe, si kwa ofisi, Jumatatu alfajiri. Kwa hiyo ilitufikia mara moja tu, na wote watano tulikuwa tumeifuta tukidhani ni nakala. Mimi pia niliifuta.

Mwandishi alikuwa Delmira Cuadrado wa upande wa Merinos, mjane aliyeacha kukamua miaka miwili nyuma, na tangu hapo gari la maziwa halikupita tena kwake. Aliandika hivi: "Nibia mpenzi, mfyulisi umechanua. Wiki ya kumi na saba hii hujanijibu. Kama nimekuchosha niambie tu, sitakasirika. Nitaandika tena Jumatatu, kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia."

Heber akafungua sanduku la Nibia, jambo ambalo hakuwa amethubutu kulifanya tangu mazishi. Barua za Delmira zilikuwa humo zote, moja kwa kila Jumatatu, hazijaguswa.

"Ningelifunga mwezi wa sita zingemrudia," akasema. "Angepiga simu. Angejua."

Nikapendekeza tumpigie sisi, akatikisa kichwa. Akazima ile amri, akaliondoa jina la Nibia kwenye orodha ya ofisi, akajituma barua ya majaribio na kuhakikisha imefika moja. Kisha akamwomba Graciela ruhusa ya siku moja, na mimi akaniomba nimsindikize.

Tulifika kwa Delmira Alhamisi kabla ya saa sita. Bibi mfupi, amevaa viatu vya mpira, alitoka akiwatuliza mbwa wake. Aliiona nembo ya ushirika mlangoni mwa gari, akachungulia ndani kiti cha nyuma.

"Nibia hakuja?"

Heber alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, nilimsikia akiyanong'ona. Yote yakampotea. Akavua kofia. "Doña Delmira, Nibia alifariki mwezi wa sita. Ni mimi niliyeacha barua zako zikae."

Bibi alisimama, mkono mmoja juu ya kichwa cha mbwa. "Basi hakunichoka," alisema.

"Hakukuchoka."

Hapo ndipo alipolia, na Heber akamshika kiwiko wakaingia jikoni. Akatukaangia mikate ya mafuta huku machozi yanamtoka, hakukubali tumsaidie. Aliuliza kama Nibia aliteseka sana. Heber akasema hajui, hakuambiwa chochote, hata yeye.

Delmira akamtazama vizuri. "Wewe ndiye Heber? Yule anayepiga mluzi akifanya kazi na mwenyewe hajui?"

Akaleta ile kompyuta bapa aliyotumiwa na bintiye aliye Hispania, ambaye mwenyewe huwa haandiki, akaifuta unga, akaiweka mezani mbele ya Heber. Majibu ya Nibia ya miaka sita yalikuwa humo. Nilisoma mistari michache juu ya bega lake: *Leo Heber kanyoa masharubu. Nimejifanya sijaona, ila nimemtazama mpaka maji ya moto yakapoa.*

Nikaona aibu kuendelea, nikatoka uani nikakaa na mbwa. Dirishani nilimwona Heber akisoma, na bibi amekaa kando yake akimwonyesha kwa kidole zipi nzuri zaidi. Hawakuniita kwa muda wa saa mbili.

Ijumaa alilifunga sanduku la Nibia bila kukumbushwa. Barua za wafugaji sasa nazijibu mimi. Za Delmira zinakwenda kwa Heber, na Jumatatu hatumsumbui kabla ya saa nne, kwa sababu anaandika kwa kidole kimoja na anataka kumwambia mengi.