Mume Wangu Alianza Kusugua Sakafu, Nikajua Kuna Mwanamke

Nilimkuta mume wangu anatambaa sebuleni.

Si kutambaa kwa kutafuta kitu kilichoanguka. Alikuwa na kaptula tu, kifua wazi, miguu ameilegeza nyuma kama imekufa, anajivuta kwa mikono kutoka mlango wa jikoni kwenda chumba cha nyuma. Mchana kweupe.

Mimi nilikuwa nje, dirishani, mkoba begani. 

Nikajisemea, Jacqueline, hapa ama mumeo amerogwa, ama yeye ndiye mchawi.

Lakini ngoja nianze mwanzo, maana mpaka kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshaiva kwa mashaka.

Tunaishi Bonga, pembeni ya barabara ya Dodoma. Nyumba yetu ni ya zamani. Aliyeijenga alikuwa na mashine ya kupasulia mbao, ndiyo maana wakati majirani wana saruji na vigae, sisi tuna sakafu ya mninga nyumba nzima.

Wageni wanaishangaa. Mimi sikuwahi kuona cha ajabu. Ilikuwa nyeusi kwa uchafu, vanishi imebabuka, vibanzi vimesimama, ukipita peku umekwisha. Nikatandika kapeti za plastiki juu, maisha yakaenda.

Mume wangu anaitwa Anselm, fundi umeme wa magari. Mpole, maneno yake ya kuhesabu. Kwao Singida. Tangu tunachumbiana aliniambia wazazi walishafariki, amebaki peke yake na wajomba. Hata kwenye harusi, upande wake walikuja wajomba tu.

Sasa huyo Anselm hajawahi kuosha kikombe. Anaingia na viatu vyenye grisi mpaka chumbani. Ukilalamika anakwambia, "Si utafuta tu, Mama Clara."

Basi nikaenda Arusha msibani. Kurudi, nakuta kapeti zangu zote zimekunjwa, ziko nje ukutani. Ndani harufu ya tapentaini inakata pumzi.

Na Anselm yuko chini, amepiga magoti, ameshika msasa. Anasugua.

"Baba Clara, kulikoni?"

"Nasafisha sakafu."

"Wewe?"

"Ni chafu sana hii."

Akaendelea kusugua. Hata pole ya msiba hakunipa.

Wanawake mnanielewa. Mwanaume ambaye hajui hata dekio linakaa wapi, leo anasugua sakafu mke akiwa safarini. Unawaza nini?

Nikawaza alichomwaga. Nikawaza aliyekuwa naye.

Nina saluni ndogo karibu na stendi, na jirani yangu wa biashara anaitwa Rahma, anauza madera. Nilipomsimulia, aliacha kukunja nguo.

"Mama Clara, mwanaume akideki anafuta kitu."

"Kitu gani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Wewe ndiye unalala naye. Kachunguze."

Nikachunguza kweli. Kila jioni nikirudi naikuta sakafu imebadilika. Alianza na tapentaini na stili waya kutoa ule uchafu mweusi. Halafu msasa mkali, akafuata msasa laini, anasugua kufuata mstari wa mbao, hakatizi. Nyufa akaziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Vumbi analifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikakauka, nikitaka kumwaga maji nideki kama kawaida ananifokea.

"Maji hapana! Mbao ikinywa maji inavimba!"

Anselm kunifokea mimi. Kwa ajili ya mbao.

Mninga ukaanza kutokea, rangi ya asali iliyokolea. Ilipendeza, sitaki kusema uongo. Lakini kila ilivyozidi kupendeza, ndivyo roho yangu ilivyozidi kuchafuka. Nilimwona akipitisha kiganja chini, taratibu, anapapasa. Nikajiuliza lini mara ya mwisho nilipapaswa mimi hivyo.

Halafu stoo. Kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunaweka magunia ya mahindi, akatoa kila kitu, akasugua na huko. Nikamuuliza cha nini.

"Kitatumika tu," akasema, akatoka nje.



Siku nafua ovaroli lake, nikapekua mfuko kama kawaida. Mkono ukatoka na stokingi ya kike. Ile ya nailoni nyepesi, rangi ya mwili. Imechanikachanika, nyuzi zimetoka.

Mimi stokingi sivai. Sijawahi.

Niliketi kwenye beseni la nguo, maji yakalowanisha sketi yangu mpaka chini, nisijali. Niliitazama ile stokingi nikaona kila kitu: nani kaivaa, kaichania wapi, na kwa nini sakafu yangu inasuguliwa.

Nikaificha. Sikumwambia kitu. Nilitaka nimshike na ushahidi kamili.

Ushahidi wenyewe ukaja. Alikuwa uani anaongea na simu, mgongo kaupa nyumba. Nikajibana nyuma ya mlango wa jikoni.

"Usijali, Eva. Chumba chako kipo tayari, bado vanishi tu. Ikikauka nakuja kukuchukua."

Akasikiliza upande wa pili.

"Hapana, bado hajui. Nitamwambia."

Eva!

 Kumbe si mchepuko tu. Ananiletea mke ndani ya nyumba yangu, na amemtengenezea chumba!

Kesho yake nilimwambia Rahma, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Funga saluni mchana, umfumanie. Wanaume wanajiachia saa ambazo mke yuko kazini."

Ndipo nikarudi mchana ule nikamkuta anatambaa.

Alifika mlango wa kile chumba, akageuka, akaanza kurudi, anajivuta. Katikati akatulia, akatazama kiganja chake, akanyonya kidole. Akachukua msasa, akasugua pale alipokuwa. Akaendelea kutambaa.

Sikuingia. Niliondoka kwa kunyata mpaka barabarani, nikapanda bajaji, nikafika dukani kwa Rahma.

"Anatambaa?" Rahma akauliza.

"Anatambaa. Kama nyoka."

"Ya Rabi. Huyo Eva amempa masharti."

 

Nyumbani nikaanza kuogopa hata kula. Nilikuwa naonja chakula naangalia kama na yeye anakula. Na yeye alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni, kama mtu mwenye neno mdomoni. Mara mbili tatu akaanza, "Mama Clara, kuna jambo..." Mimi nikajua ndiyo kufukuzwa kwenyewe, nikaondoka nikajifanya nimesikia mtu anabisha hodi.

Akapaka vanishi. Nyumba ikang'aa mpaka unajiona uso.

Ilipokauka akasema, "Kesho naenda Singida mara moja. Kuna spea za gari nafuata. Jioni nitakuwa nimerudi."

Spea!

"Safari njema," nikasema.

Kesho yake mimi na Rahma tulikuwa stendi kabla jua halijapoa. Nilikuwa nimevaa vitenge vyangu vizuri ili Eva ajue anamkuta nani. Rahma alikuwa ameshavua hereni na kubadili viatu.

"Ukianza wewe, mimi nakamata nywele," akasema.

Maneno nilikuwa nimeyapanga. Niliyafanyia mazoezi saluni mbele ya kioo. Nilitaka stendi nzima isikie.

Basi la Singida likaingia. Watu wakaanza kushuka. Nikamwona Anselm mlangoni, akashuka ngazi, akaupa mlango mgongo, akainama.

Mikono ikatoka ndani ikamshika mabegani. Halafu akainuka, amembeba mtu mgongoni.

Mwanamke. Mtu mzima, mvi zimetokeza chini ya kilemba. Miguu yake myembamba kama ya mtoto inaning'inia pembeni ya kiuno cha mume wangu.

Konda akamfuatia na cherehani ya mkono na mfuko wa nguo.

Rahma akaniachia mkono.

Anselm akainua uso, akaniona. Sijawahi kuona mtu akibadilika vile. Alisimama tu pale na mzigo wake, jasho linamtiririka, watu wanampita.

"Mama Clara," akasema. "Huyu... nilitaka..."

Yule mama akachungulia juu ya bega lake. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Ndiye huyu? Anselm, mbona hukuniambia ni mzuri hivi?"

Maneno yangu yote yaliyopangwa yakayeyuka. Kilichotoka kilikuwa kimoja.

"Shikamoo."

"Marahaba, wifi. Mimi ni Evangelina. Dada yake huyu muoga."

Tukapanda bajaji sisi watatu. Rahma alibaki stendi, hereni mkononi.

Nyumbani, Anselm alimshusha dadake mlangoni kwa heshima, kama anaweka yai. "Pita, Eva. Nimeitengeneza yote. Hutachomwa tena."

Evangelina akaweka viganja chini, akajivuta mara moja. Mikono ikateleza, akalala kifudifudi.

Nikaruka kumwinua. Yeye akacheka mpaka machozi.

"Anselm! Umepaka mafuta niteleze mpaka Dodoma? Mikono yangu ndiyo miguu, mdogo wangu. Miguu inataka pa kushika!"

Usiku huo nilisikia yote. Polio ilimkuta Evangelina akiwa mdogo. Mama yao alipofariki, Anselm alikuwa bado ananyonya. Evangelina ndiye aliyemlea, anatambaa huku kamfunga mgongoni. Ndiye aliyeshona mpaka mdogo wake akajifunza ufundi. Alikuwa anaishi na binti wa shangazi yao, huyo binti sasa ameolewa Tabora, akabaki hana mtu.

Kwao sakafu ilikuwa ya mbao mbovu zilizopasuka. Anselm alikua akimtoa dada yake vibanzi viganjani kwa sindano.

Ndiyo maana alitambaa. Alikuwa anajaribu kila ubao kwa mwili wake, palipochoma anasugua upya. Na ile stokingi aliinunua mpya sokoni, anaiburuza juu ya mbao. Pakiwa na kibanzi hata kidogo, nailoni inanasa.

Nikaenda nikaitoa nilipoificha, nikaiweka mezani.  Evangelina akaichukua, akaitazama zile nyuzi zilizotoka, akafuta macho nayo.

"Sasa kwa nini ulinificha?" nikamuuliza Anselm. "Miaka yote hii?"

Akainamisha kichwa. Aliyejibu ni dada.

"Ni mimi nilimwambia. Kabla yako alikuwa na mchumba. Ndugu wa huyo mchumba wakaja kutuona, mimi nikatambaa kuja kuwasalimia. Chai hawakuimaliza. Wakasema ukoo una laana. Nikamwambia, ukipata mwingine sema umebaki peke yako, aibu hiyo isiniue mara mbili."

Nililia. Lakini nisiwadanganye, si kwa huruma. Nililia kwa hasira.

"Baba Clara, mimi nimekushuku tangu nirudi msibani. Nimekupekua, nimekusikiliza nyuma ya mlango, nimekufuata stendi. Najua nimefanya vibaya. Lakini wewe? Wewe umenishuku tangu siku ya kwanza tuliyoonana. Umelala na mimi, tumezaa, na bado unadhani ningemwacha dada yako mlangoni. Umeniona kama wale ambao chai hawakuimaliza."

 Mwanaume yule akalia mbele ya dada yake.

Asubuhi niliendelea kumnunia. Yeye akaenda gereji. Mimi nikabaki na Evangelina na ile sakafu inayong'aa.

"Wifi," akaniambia, "tufanyeje na kioo hiki?"

Tukachukua msasa laini. Yeye upande ule, mimi upande huu, tumekaa chini, tunaondoa mng'ao kidogo kidogo mpaka kiganja kikishika hakitelezi. Tukafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, tukakausha. Mikono iliniuma mpaka mabegani, yeye hata hajahema. Alinisimulia Anselm alivyokuwa mtoto, alivyokuwa analilia uji wa ulezi. Nilicheka. Sikumbuki lini nilicheka hivyo na ndugu wa mume wangu, kwa sababu sikuwahi kuwa naye.

Binti yetu Clara alipokuja likizo kutoka shule ya bweni nilikataa kumweleza. Nikamwambia Anselm, hilo ni lako. Alimkalisha, akamweleza mwenyewe. Binti akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza baba yake, "Kwa hiyo shangazi alijua nipo, mimi ndiye sikujua yupo?"

 

Jumapili iliyofuata Anselm alimbeba dadake mpaka kanisani, akasimama mbele wakati wa matangazo. Yule mtu wa maneno machache alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Huyu ni dada yangu. Ndiye aliyenilea."

Akashindwa kuendelea. Evangelina akamvuta suruali, "Inatosha, kaa chini." Kanisa zima likacheka, na wengine walikuwa wanalia.

Mimi na Anselm tunaendelea kujengana. Sipekui mifuko tena. Yeye anajifunza kusema kabla sijauliza.

Ndugu yangu unayesoma, tukisikia neno kushuku tunamfikiria mke anayekagua simu. Lakini anayemficha mwenzake jambo kwa kudhani hatalikubali, naye anashuku. Tofauti ni kwamba yeye ameshatoa hukumu, na mwenzake hajui hata kama alishtakiwa.

Kama kwenu kuna mtu hujamtaja kwa unayeishi naye, mtaje leo.

Mwenzako akikimbia, utakuwa umemjua. Akibaki, ujue alikuwa tayari siku zote, na wewe ndiye uliyechelewa.